Kodi, Gari la Umeme na Saini Yangu



Jumamosi moja, tulipokuwa tumemaliza kikao chetu juu ya waraka Laudato Si' wa Baba Mtakatifu Fransisko, binti mmoja wa kikundi alibaki nyuma wakati wenzake wakipanga viti. Kaka yake mkubwa nilimfundisha katika darasa la sita. Leo ni mchimbaji wa mikono. Binti huyo aliniuliza swali ambalo sikulitazamia: "Papa Mwalimu, nimesikia kwamba ng'ambo Serikali inampa pesa mtu anayenunua gari jipya la umeme. Mwenye uwezo wa kununua gari jipya si tayari anacho? Kwa nini aongezewe? Na sisi tunaokaa juu ya jiwe linalotiwa katika betri, mbona hakuna anayetuongezea?"

Wenzake waliacha viti wakasogea kusikiliza. Nilijibu upesi. Nilisema kwamba wakubwa wa dunia hii hupendeleana, kwamba tajiri humpa tajiri mwenzake, na kwamba sisi tumezoea kuibiwa tangu siku za mababu zetu. Vijana walipiga makofi. Nilirudi nyumbani bila raha. Mtu aliyesomea ualimu hufundishwa mapema kutofautisha jibu linalopigiwa makofi na jibu linalofundisha. Binti aliniuliza juu ya kodi, nami nilimjibu kwa hasira.

Majuma yaliyofuata nilijitia shuleni tena. Nilisoma, niliuliza, nilipiga hesabu. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyapata, pamoja na jambo moja juu yangu mwenyewe ambalo ningependa lisingekuwepo.

Tuanze na maneno, maana fujo nyingi huanza pale maneno yanapochanganywa. Serikali ikitaka watu wanunue kitu fulani, ina njia mbili za kuwavuta. Njia ya kwanza ni kutodai kile ambacho ingeweza kudai. Hiyo tunaiita msamaha wa kodi. Njia ya pili ni kutoa fedha katika hazina ili kumsaidia mnunuzi. Hiyo tunaiita ruzuku. Kwa mnunuzi njia zote mbili zina ladha moja, yaani gari linakuwa rahisi kwake. Kwa hazina pia matokeo ni yaleyale, kwa sababu fedha iliyotolewa na fedha isiyoingia huacha pengo moja.

Lugha yetu inatumia neno lile lile, msamaha, kwa kodi isiyodaiwa na kwa dhambi iliyoondolewa. Mkristo asilipite neno hili mbiombio. Tunafundishwa tangu utoto kwamba msamaha wetu hautolewi bure tu kama vumbi linalopeperuka. Kuna Mmoja aliyeulipia msalabani. Basi na msamaha wa kodi nao una mtu aliyeulipia. Tukiusikia, swali la kwanza la haki ni hili: nani anaulipia? Kwa swali hilo tutembelee nchi tatu.

Nchi ya kwanza ni Norwei. Mwaka 1989 watu wa shirika la mazingira liitwalo Bellona, pamoja na wanamuziki wawili wa kundi la a-ha, waliingiza nchini mwao gari dogo aina ya Fiat Panda lililogeuzwa ili liende kwa umeme. Waliliendesha katika barabara za kulipia, na walipofika kwenye kizuizi walikataa kulipa, wakidai kwamba gari lisilotoa moshi lisitozwe. Walipigwa faini, hawakulipa. Gari likakamatwa na kuuzwa kwa mnada. Wakalinunua tena, wakarudi barabarani. Watu wengi walicheka. Lakini mwaka 1990 Serikali iliondoa kodi ya ununuzi kwa magari ya umeme, mwaka 1997 ikaondoa malipo ya barabara, na mwaka 2001 ikaondoa kodi ya ongezeko la thamani, ile tunayoiita TVA, ambayo kwao ni asilimia 25. Mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila magari mapya 10 yaliyouzwa Norwei yalikuwa ya umeme.

Nani aliulipia msamaha huo? Kwa sehemu ni wale walioendelea kununua magari ya petroli, ambayo kodi yake ni nzito sana kule. Kwa sehemu ni wananchi wote, kwa kuwa hazina ilikosa fedha nyingi. Nao wenyewe waliliona tatizo ambalo binti yetu aliliona: mtu aliyenunua gari la kifahari alikuwa anasamehewa zaidi kuliko aliyenunua gari la kawaida, maana asilimia 25 ya bei kubwa ni kubwa. Kwa hiyo tangu mwaka 2023 msamaha wa TVA uliwekewa mpaka: krone 500,000 za kwanza za bei zilisamehewa, na kilichozidi kikatozwa. Pigeni hesabu: robo ya 500,000 ni krone 125,000. Hata aliyenunua gari la bei maradufu hakuvuka msamaha huo.

Nchi ya pili ni Ufaransa. Huko mwaka 2008 walianzisha utaratibu wenye mikono miwili: mnunuzi wa gari lenye moshi mwingi aliongezewa malipo, na mnunuzi wa gari lenye moshi kidogo alisaidiwa. Wazo lake lilikuwa kwamba anayechafua hewa ya wote achangie gharama ya anayeilinda. Hata hivyo maskini walibaki nje, kwa sababu hata baada ya kusaidiwa gari jipya liliwashinda. Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka 2024 Serikali ya huko ilifungua mpango wa kukodisha magari ya umeme kwa watu wa kipato kidogo, kuanzia yuro 100 hivi kwa mwezi. Waliojitokeza walikuwa wengi kuliko ilivyotazamiwa, na baada ya majuma machache mlango ukafungwa kwa mwaka ule.

Nchi ya tatu ni Marekani. Sheria waliyoipitisha mwaka 2022 iliruhusu mnunuzi wa gari jipya la umeme kupunguziwa kodi yake hadi dola 7,500. Sheria hiyo iliweka mipaka ya utajiri: mtu asiye na ndoa aliyepata zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka hakustahili, wala wanandoa waliopata pamoja zaidi ya 300,000. Gari la kawaida lililozidi bei ya dola 55,000 halikustahili pia. Kisha sheria iligawa zile dola 7,500 mafungu mawili ya 3,750. Fungu moja lilitegemea mahali betri na sehemu zake zilipotengenezwa. Fungu la pili, sikilizeni vizuri, lilitegemea mahali madini ya betri yalipochimbwa au kusafishwa: sehemu kubwa ilipaswa kutoka Marekani yenyewe au katika nchi yenye mkataba wa biashara huru nayo. Kongo haina mkataba kama huo, na sehemu kubwa ya kobalti yetu husafishwa Uchina.

Niliposoma habari hii nilisimamisha kalamu. Kumbe huko mbali mtu alikuwa anaulizwa juu ya jiwe letu kabla ya kupewa punguzo! Lakini aliulizwa nini? Aliulizwa jiwe limetoka nchi gani na limepita katika kiwanda cha nani. Fungu lile halikumwuliza nani aliyelichimba, kwa ujira gani, akiwa na miaka mingapi, na kama kijiji kilichohamishwa kimepata maji. Sheria ililitaka jiwe liwe na pasipoti nzuri. Jina la mchimbaji halikuhitajika. Punguzo lenyewe halikudumu. Sheria nyingine ilipitishwa mwaka 2025, na magari yaliyonunuliwa baada ya tarehe 30 Septemba ya mwaka ule hayakulipata tena.

Sasa, je, misaada hiyo kwa wanunuzi ni haki au si haki? Makofi yenu yalinivuta niseme kwamba si haki kabisa. Leo nasema kwa uangalifu zaidi. Hewa ni mali ya wote, na anayepunguza moshi wake anatutendea mema hata sisi ambao mvua zetu zimeanza kuchelewa. Mafundisho ya jamii ya Kanisa yanasema kwamba vitu vilivyoumbwa viliwekwa kwa ajili ya watu wote, na mali ya mtu binafsi inabeba wajibu kwa wengine. Serikali inayotumia kodi ili kumgeuza mwenye gari aiheshimu hewa ya jirani yake haifanyi kosa. Tena tumeona kwamba wenyewe huko walisahihisha sheria zao walipoona zinawanenepesha walionenepa: Norwei kwa mpaka wa bei, Marekani kwa mpaka wa kipato, Ufaransa kwa mpango wa wanyonge.

Upungufu wa misaada hiyo ni mahali hesabu inapoanzia na kuishia. Inamhesabu mnunuzi, kiwanda, hazina na hewa. Shimo haimo. Sheria ya Musa ilikataza kumfunga ng'ombe kinywa wakati anapura nafaka, na Mtakatifu Paulo aliitumia amri hiyo kufundisha kwamba anayefanya kazi ana fungu lake katika mavuno. Mwenye gari amesaidiwa, mwenye kiwanda amepata soko, lakini anayepura amefungwa kinywa. Laudato Si' inalitaja deni la ikolojia lililopo kati ya nchi tajiri na nchi maskini. Kobalti ni mfano wa wazi, kwa maana zaidi ya asilimia 70 ya ile inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, na hutoka hasa hapa Lualaba na Haut-Katanga.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoweka nukta. Tukishasema kwamba wa mbali wana deni, tunajiona tumemaliza. Nami ningemaliza hapo kama nisingelifungua pia sheria ya kwetu.

Sheria yetu ya madini ilirekebishwa mwaka 2018. Kwa sheria hiyo kampuni inayouza madini inalipa mrabaha, yaani ile redevansi, juu ya thamani ya madini yaliyouzwa. Kwa shaba ni asilimia 3.5. Mwezi Novemba mwaka ule ule kobalti ilitangazwa kuwa madini ya mkakati, na mrabaha wake ukawa asilimia 10. Sheria inasema pia namna ya kuugawa: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au eneo la chifu ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Mbali na mrabaha, kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jumuiya zinazoguswa na mgodi.

Niliiandika hesabu hii ubaoni, nanyi iandikeni katika daftari zenu. Tukichukua kobalti ya thamani ya dola 100, mrabaha ni dola 10. Kati ya hizo, dola 5 ni za Kinshasa, dola 2 na senti 50 ni za jimbo, dola 1 na senti 50 ni za komini au eneo la chifu, na dola 1 ni ya watoto ambao hawajazaliwa. Tena senti 30 ni za maendeleo ya jumuiya. Ni kidogo, mtasema. Ni kidogo kwa dola 100. Lakini magari yanayopita usiku na mchana katika barabara yetu hayabebi kobalti ya dola 100.

Basi, binti yangu, jibu la sehemu ya pili ya swali lako ni kwamba yupo anayepaswa kutuongezea. Imeandikwa katika sheria ya nchi yetu wenyewe, kwa tarakimu, tangu mwaka 2018. Mimi mwalimu sikukuambia, kwa sababu nilikuwa sijui. Na sikujua kwa sababu sikusoma nilipopewa nafasi ya kusoma.

Sasa nifike kwenye saini yangu.

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa katika ukumbi mmoja, wakaaji wa mitaa iliyo karibu na mgodi. Ilikuwa juu ya kaye de sharji, lile daftari ambamo kampuni na jumuiya huandikiana ahadi za maendeleo kwa miaka mitano: shule, maji, zahanati, barabara. Wazee waliniteua niwe mmoja wa wasemaji wa wazazi. Walisema, "Wewe ni mwalimu, wewe ni mtu wa Kanisa, Kifaransa chako ni kizuri, utatusomea." Nilikubali, na moyoni nilijisikia mkubwa kidogo.

Mkutano ulianza kwa kuchelewa, kama ilivyo desturi. Hotuba zilikuwa ndefu. Karatasi ziligawiwa jua lilipokuwa linaelekea kushuka, nazo zilikuwa nyingi, katika Kifaransa cha wanasheria. Mtu mmoja alisema kwamba tutazisoma baadaye. Kwa sasa zinahitajika saini tu ili kazi isikwame. Kulikuwa na mkate na chupa za sukre. Kulikuwa pia na bahasha ya transporti kwa kila msemaji, na fedha iliyokuwa ndani ilizidi mara nyingi bei ya pikipiki ya kunirudisha nyumbani. Mwezi ule mshahara wangu ulikuwa umechelewa, na mtoto wangu mmoja alikuwa amerudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya ada. Nilitia saini. Nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Madarasa yaliyojengwa yalikuwa matatu, nasi tulitazamia sita. Yalijengwa bila madawati. Pampu ya maji iliwekwa mbali na mtaa ambao kisima chake kilikuwa kimeharibika. Wamama waliponijia kuuliza, "Papa Mwalimu, uliandika nini kule?", niliwajibu kwamba kampuni haiaminiki. Mwaka huu, nilipokuwa nikitafuta jibu la swali la binti yetu, niliitoa nakala yangu chini ya sanduku nikaisoma yote kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa kumi na mmoja unasema: madarasa matatu. Hauna neno lolote juu ya madawati. Na mahali pa pampu pameandikwa ni pale pale ilipo. Katika mambo hayo tuliyolalamikia, kampuni ilikuwa imefanya kile nilichokitilia saini.

Sisemi hili ili kuwatakasa wenye nguvu. Waliotuletea karatasi jioni walijua wanachokifanya, na aliyeweka fedha katika bahasha alijua bei ya kuchelewa kwa mshahara wa mwalimu. Watajibu kwa sehemu yao. Lakini nami nina sehemu yangu, na hiyo ndiyo ninayoweza kuitubu. Tulipokuwa tunauliza nani ameulipia msamaha wa kodi wa watu wa mbali, ilifaa niulize pia nani aliyelipia bahasha yangu. Waliilipia wale wamama wanaotembea mbali na bidoni kichwani.

Mnakumbuka tarehe 2 Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko alipokutana na vijana na makatekista katika Uwanja wa Mashahidi huko Kinshasa. Mimi nilimfuata kwa televisheni katika ukumbi wa parokia, pamoja na wengi wenu. Aliwaomba watazame mikono yao, akakipa kila kidole fundisho lake: kidole gumba sala, cha pili jumuiya, cha kati uaminifu, cha nne msamaha, na kidole kidogo huduma. Alipofika kwenye kidole cha kati alisema juu ya rushwa, na uwanja mzima uliitikia kwa sauti kuikataa. Nasi ukumbini tuliitikia. Niliitikia kwa nguvu, na mkono nilioutazama ulikuwa ule ule uliotia saini. Siku ile sikukumbuka.

Katika Injili ya Luka, Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko. Tunapenda kusimulia jinsi alivyopanda mkuyu kwa kuwa alikuwa mfupi. Tuangalie zaidi alichofanya aliposhuka. Hakutoa hotuba juu ya ukatili wa Warumi, ambao kwa kweli walikuwa wakatili. Alipiga hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Toba ya mtu wa kodi ilikuwa na tarakimu. Yohane Mbatizaji naye, watoza ushuru walipomwuliza wafanye nini, aliwaambia wasitoze zaidi ya kile kilichoagizwa. Na Katekisimu ya Kanisa inatufundisha kwamba kulipa kodi ya haki ni wajibu wa dhamiri, na kukwepa kodi kunahesabiwa pamoja na makosa ya wizi. Kwa maneno mengine, Mungu anaisoma hesabu.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya kikundi na kuwaambia vijana haya ninayowaambia ninyi. Nilidhani wataniondolea heshima. Ukumbi ulikuwa kimya. Kisha binti yule akaomba aione karatasi yenyewe. Tuliisoma pamoja kwa Jumamosi tatu, ukurasa kwa ukurasa, tukitafsiri Kifaransa cha wanasheria kwa Kiswahili cha nyumbani. Tuligundua kwamba daftari hilo linakaribia mwisho wa miaka yake mitano, na kwamba litaandikwa upya.

Vijana watano, pamoja nami, walikwenda kwenye ofisi inayohusika kuomba kuona mpango wa maendeleo na namna lile fungu la asilimia 15 lilivyotumika. Tuliambiwa turudi Jumanne. Tulirudi Jumanne, tukaambiwa aliye na ufunguo wa kabati amesafiri. Tutarudi tena. Hatukwenda na mawe wala makelele. Tulikwenda na barua yenye muhuri wa parokia, nakala ya vifungu vya sheria, na nafasi ya kutia saini ya kupokea. Nimewafundisha vijana hao jambo moja ambalo mimi sikulifanya: hatutii saini jioni.

Kwa nini haraka? Kwa sababu jiwe hili halina ahadi ya milele. Yako magari ya umeme, na yanazidi kuwa mengi, ambayo betri zake ni za chuma na fosfati, hazina kobalti hata kidogo. Bei ya kobalti ilishuka sana hata Serikali yetu ikasimamisha kuiuza nje mwezi Februari 2025, na kuanzia Oktoba ya mwaka ule ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Wabunge wa Washington wanapofuta punguzo, au wahandisi wa Uchina wanapobadilisha betri, kaka ya binti yetu anasikia shimoni kabla gazeti halijafika. Norwei ilipitisha sheria ya mfuko wake wa mafuta mwaka 1990, mwaka ule ule ilipoanza kusamehe kodi ya magari ya umeme, na akiba ya kwanza ikawekwa mwaka 1996, ili mafuta yatakapokwisha wajukuu wasikute shimo tupu. Nasi tunayo ile dola 1 katika kila dola 10 za mrabaha, kwa ajili ya wajukuu. Sheria imeshaandikwa. Inasubiri watu watakaoiulizia kwa adabu, bila kuchoka.

Kwa hiyo, wapendwa vijana, nawaachia kazi tatu kwa mikutano yenu ya mwezi huu. Kwanza, jifunzeni mgawo wa mrabaha, 50, 25, 15 na 10, mpaka mweze kuufundisha katika jumuiya hai za msingi kwa lugha wanayoielewa wazee wenu. Pili, ulizeni kama mtaa wenu una daftari la ahadi, nani alilitia saini, na lini litaandikwa upya. Tatu, kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, kila mmoja afungue sanduku lake mwenyewe: risiti ya uongo aliyoiandika, ushuru aliokwepa, bahasha aliyoipokea. Sehemu hii ya tatu ni ngumu kuliko zote, lakini bila hiyo mbili za kwanza zitakuwa kelele.

Nami kazi yangu nimeianza. Ile fedha ya bahasha nimeihesabu, na mfano wa Zakayo nimeufuata kadiri ya uwezo wa mwalimu: kidogo kidogo, kila mwezi, naiweka kwa mtunza hazina wa parokia kwa ajili ya madawati ya yale madarasa matatu. Mpaka sasa yamepatikana manne. Moja kati yake lilipakuliwa na yule mchimbaji niliyemfundisha. Alilishusha begani, akaketi juu yake kidogo kulijaribu, akasema, "Mwalimu, hili ni imara kuliko letu la zamani." Kisha akarudi kazini.

Roho Mtakatifu atujalie macho ya kusoma mpaka ukurasa wa mwisho. Amina.